Wanamwita Mama Zeddy

Lanet,
Nakuru.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa Tata Cate,

Najua barua huanza na salamu. Mwalimu wetu wa Kiswahili angenikata alama hapa hapa. Lakini nikianza na salamu nitapoa, na nikipoa nitaishia kukuandikia habari za mvua na mahindi, nifunge bahasha. Kwa hivyo niache nilitoe kwanza hili ambalo sijamwambia mtu, si Cucu, si Emmy ambaye tunalala kitanda kimoja cha juu na chini shuleni, wala Mungu kwa sauti. Namwonea wivu mtoto wa miaka minne. Anaitwa Zeddy. Soksi bado anazivaa kisigino kikiwa juu. Namwonea wivu mpaka mate yanakuwa machungu mdomoni.

Haya. Limetoka. Sasa salamu.

Hujambo Tata? Mgongo wako unaendeleaje? Mama aliniambia unakusumbua kwa sababu ya kuwainua wale wazee wa huko Halifax kitandani, na kwamba umenunua mkanda wa kujifunga kiunoni. Natumaini umesaidia. Na baridi je, imewaachilia? Sisi huku ndio tumeingia kwenye yetu. Asubuhi ukungu unakuwa mzito hivi kwamba unasikia jogoo wa jirani lakini humwoni.

Mimi naendelea vizuri tangu nitolewe kidole tumbo. Nyuzi zimeshatolewa. Bado siruhusiwi kuinua ndoo wala kucheka sana, na shule nitarudi daktari akikubali. Cucu ni mzima huko Ndabibi. Magoti yanamwuma lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama utamlimia wewe. Ng'ombe wake mweusi amezaa ndama jike, na amefurahi kama aliyepata mjukuu mwingine.

Utashangaa kwa nini ni karatasi na si simu. Simu ni ya Mama, na nikikuandikia huko ataona. Muiruri, yule kijana wa kanisa la Cucu aliyepata nafasi ya chuo huko kwenu, anasafiri wiki ijayo na amekubali kuibeba. Ukimwona usimwulize mengi, yeye hajui chochote.

Tata, nataka umwambie Mama arudi kwa kazi yake ya uwakili. Wewe ni dada yake, anakusikiza. Najua ulijaribu wakati ule akakataa. Nilikuwa pale, simu ilikuwa kwenye spika akikanda unga, na ulikuwa umekasirika kweli: "Wangeci, yaani ulisomea sheria miaka yote hiyo ndio uende kupangusa watoto kamasi?" Yeye akacheka akakujibu, "Cate, kamasi haikatiwi rufaa." Ukakata simu. Mimi nikaenda chumbani nikasema kimoyomoyo, Tata yuko upande wangu.

Sasa ngoja nikueleze, kwa sababu najua yeye hukueleza nusu tu.

Mwaka jana mwezi wa Novemba alikuwa na kesi ya ndugu wawili waliokuwa wakigombania shamba la baba yao upande wa Njoro. Walikuwa wamefika mahali pa kutosalimiana hata kanisani. Siku hiyo Mama alikaa kwenye benchi la wateja nje ya korti, na jina la kesi lilipoitwa hakuweza kuinuka. Si kwamba alizimia. Anasema alikuwa anasikia kila kitu, anaona mafaili mapajani mwake, lakini miguu ilikataa kama punda. Hospitalini wakamwambia presha iko juu sana. Mimi nilikuwa bwenini, sikuambiwa. Nilirudi likizo ya Desemba nikakuta ameshaacha kazi na anapanga vyombo kwenye makatoni. Tulikuwa tunahama kutoka Milimani kuja huku Lanet, kwenye nyumba hizi mpya, vyumba viwili.

Akasema amepata kazi nyingine. Nikadhani ni ofisi ndogo. Kumbe ni kuwa auntie wa basi la shule.

Unajua kazi hiyo Tata? Ni yule mama anayevaa fulana ya reflekta, anayeshuka kila geti, anamshika mtoto mkono, anambebea begi, anamfunga mkanda, anamwambia aliyetapika kwamba hata Rais hutapika. Jioni anawarudisha. Dereva anaitwa Jeff, kijana anayependa utani, na kwa sababu ya zile kesi alizosikia kwamba Mama alisimamia, akifika kwenye geti letu saa za alfajiri hupiga honi na kuita, "Mheshimiwa! Mahakama imeketi!" Mama anatoka mbio na kikombe cha chai mkononi, anacheka.

Hicho kicheko ndicho kinachoniumiza. Tata, sikukijua. Nimekaa na yule mtu miaka kumi na sita na sikujua kwamba anaweza kucheka mpaka akajishika ukuta. Nilikuwa najua kile kicheko kingine, kifupi, cha simu, kile cha "sawa wakili, tutaongea." Hiki kipya nilikisikia mara ya kwanza nikiwa nimelala na kidonda changu, dirisha likiwa wazi, na hakikuwa changu. Kilikuwa cha Jeff, cha watoto wa basi, na zaidi ya wote cha Zeddy.

Zeddy ndiye hushuka mwisho. Mama yake anaitwa Chepkemoi, anafanya kazi ya kupakia maua huko Naivasha, na gari la kampuni humrudisha giza likiingia. Kwa hivyo basi likimaliza kuzunguka, Zeddy haendi kwao, anakuja kwetu. Na Jumamosi kama leo Chepkemoi akiwa kazini, anakuja tangu asubuhi. Anavua viatu mlangoni kama mwenye nyumba. Anajua kikombe chake kiko wapi. Mimi nikitaka kijiko nauliza.

Kisha Mama anamkalisha mapajani na kumenya chungwa. Analimenya kwa ganda moja refu bila kulikata, ganda linashuka kama nyoka, na Zeddy anashikilia pumzi mpaka likatike. Likikatika wanapiga kelele wote wawili. Mimi machungwa yangu nilimenyewa na Sally. Unamkumbuka Sally aliyekuwa akitufanyia kazi? Ni Sally aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Siku ya kufunga shule nikiwa nasari, mwalimu aliposema kila mzazi asimame nyuma ya mtoto wake, ni Sally aliyesimama nyuma yangu na aproni yake, akaona aibu kuliko mimi. Mama alikuwa kortini. Sikulia. Nilijua kwamba kazi yake ni kubwa na kwamba watu wanaweza kufukuzwa kwenye mashamba yao asipoenda. Nilijivunia hata. Nilikuwa nasema "mamangu ni wakili" kabla mtu hajaniuliza jina.

Niambie basi, Tata. Mimi nilingoja. Nilikuwa mtoto mzuri wa kungoja. Halafu anapata nafasi hatimaye, na mapaja yale yanakaliwa na Zeddy.

Usidhani hakunitunza. Nilipofanyiwa upasuaji alilala kwenye kiti kando ya kitanda, koti likiwa ndilo blanketi. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Lakini asubuhi ya tatu Jeff alipiga simu kwamba Zeddy amekataa kupanda basi, amekumbatia nguzo ya geti lao, na Mama akaenda. Akanibusu, akasema atarudi upesi, na alirudi upesi. Mimi nilikuwa na mshono tumboni, Zeddy alikuwa na nguzo. Nguzo ikashinda.

Sasa nifike pale penyewe.

Huku hatujulikani. Tulihama Januari, mimi nikaenda shule wiki hiyo hiyo, na Aprili nilikaa kwa Cucu kumsaidia kupanda maharagwe. Kwa hivyo watu wa huku wamezoea kumwona Mama akitembea na Zeddy mkononi kila jioni. Juzi juzi, nilipoanza kutembea kidogo, nilitumwa maziwa kwa duka la Ngigi hapo kona. Unajua mimi na maduka. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu njia yote. Ngigi akaniangalia, akaegemea kaunta:

"Sasa msupa. We ndio mboch mpya wa Mama Zeddy?"

Nikamwambia sijui Mama Zeddy.

"Hujui boss wako? Huyo wa basi! Hiyo nyumba ya geti ya kijani. Mwambie bado nasubiri aniletee yule kijana wake nimpime nguvu."

Nilisema maziwa tafadhali. Nikapewa, nikarudi. Kuitwa mboch hakukuniuma, Sally alikuwa mboch na ni mtu mzuri kuliko wengi. Kilichoniuma ni hilo jina. Tata, wewe unajua. Kwa mama wa watu wengine jina hili huja lenyewe siku mtoto anapozaliwa. Mama wa Emmy ni Mama Emmy sokoni, kanisani, hata kwa chifu. Mama yangu miaka yote alikuwa "wakili," "Madam Wangeci," "Mheshimiwa." Hakuna siku hata moja nimesikia mtu akimwita Mama Abby. Nilidhani mawakili hawaitwi hivyo. Nikaona ni sawa, jina langu linakaa pembeni kwa heshima ya kazi. Kumbe nafasi ilikuwepo. Na Zeddy amekuja akaikalia na soksi zake za kisigino juu.

Nikajiambia pengine Mama hajui wanavyomwita. Kwa hivyo nilimfuata dukani siku iliyofuata, nikijifanya nataka kunyoosha miguu. Ngigi alimwona kutoka mbali: "Mama Zeddy! Leo bila kijana?" Na Mama akaitika. Haraka hivyo, kama mtu aliyezaliwa na hilo jina. Akauliza bei ya nyanya. Ngigi akanionyesha kwa kidevu, "Na huyu mrembo? Jana hakutaka kuniongelesha."

Mama akasema, "Huyu ni wa kwetu."

Wa kwetu! Wa kwetu ni nani, Tata? Binamu anayetafuta kazi ni wa kwetu. Mtu wa Ndabibi aliyekuja kulala usiku mmoja akingoja gari ni wa kwetu. Hata yule mbuzi wa Cucu aliyepotea, tulipompata kwa jirani tulisema ni wa kwetu. Nilibeba nyanya mpaka nyumbani nikitembea nyuma yake, na Mama akafikiri kidonda kinaniuma. Kilikuwa kinauma, lakini si kile cha daktari.

Basi Jumamosi iliyopita akaja wakili Kipchirchir, yule mkubwa wake wa zamani. Viatu vyake vilikuwa safi hivi kwamba alitembea kwenye kokoto zetu kama anayevuka mto. Akakaa kwenye kochi juu ya kalamu za rangi za Zeddy. Zeddy akamsogelea, akamwangalia tai, akamwuliza, "Wewe ni polisi?" Mama akacheka kile kicheko. Kipchirchir mwenyewe akatabasamu, lakini hakuwa amekuja kutabasamu. Alisema kiti cha Mama bado kiko wazi mpaka mwisho wa mwezi huu. Alisema watampunguzia kesi, atapewa msaidizi. Alisema, "Wangeci, umepumzika vya kutosha. Talanta haizikwi kwenye basi."

Mama hakukataa. Alisema atafikiria. Nilikuwa nimesimama jikoni na sahani. Nikaomba akubali. Nimekuwa nikiomba wiki nzima.

Sasa unaelewa ninachokuomba. Mpigie kabla mwezi haujaisha. Mwambie akubali. Najua presha yake. Najua lile benchi. Usinione kama sina moyo. Lakini ofisi nilikuwa nimeizoea. Ofisi ilimchukua lakini haikumkalia mapajani. Hakuna mtu dukani aliyemwita Mama Ofisi. Kama ni lazima nimkose, heri nimkose kwa kitu kikubwa, chenye vitabu na majoho, kuliko kumkosa kwa kitoto kinachoshindwa kusema "r." Anaitwa Zeddy na akiniita mimi anasema "Abby wa kitandani."

Nilianza asubuhi, na mengi nimeyaandika mchana huu wakiwa wameenda kununua unga. Nimesikia geti. Zeddy anaimba. Sasa slipa za Mama zinakuja kwa koridoo, anakuja kuniuliza kama nimekunywa dawa. Kila aliposogea mlangoni tangu nianze nimekuwa nikilaza daftari la jiografia juu ya karatasi. Nimechoka, Tata. Tumbo linauma nikijipinda kulivuta daftari. Acha likae huko.

*

Naendelea. Jua limeshaenda upande wa pili wa nyumba na chai imenywewa. Nitakuambia ilivyokuwa.

Aliingia, akaniona nimekaa na karatasi wazi, na mimi nikamwangalia tu. Unajua siwezi kusema vitu. Alisoma mstari wa kwanza akiwa amesimama, akaniuliza kwa macho kama aendelee. Nikainua mabega. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda na akasoma kama anavyosoma mafaili, kidole kikifuata mstari, mdomo ukitembea kidogo. Palipoandikwa kuhusu Sally na aproni alisita. Alipofika kwenye "wa kwetu" alisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Lakini si ni wewe uliniambia?" akasema.

Nikamwuliza nilimwambia nini.

"Januari. Tukishusha viti kwa lori. Uliniambia, Mum, huku usiambie watu mimi ni nani."

Tata, nilikuwa nimesahau kabisa. Na ni kweli. Kuna wasichana wawili wa shule yetu wanaoishi plot inayofuata, na niliwaona wakitukodolea macho tukishusha godoro. Niliona haya tu, haya yangu ya kawaida. Walikuwa wanajua mamangu ni wakili, na yeye alikuwa amevaa ile reflekta mpya aliyokuwa akiijaribu. Nilisema lile neno nikiingia ndani, nikalisahau kabla ya kuvua viatu.

Nikamwambia, "Mum, hiyo ilikuwa siku hiyo tu."

"Hukusema ni ya siku hiyo. Mteja akikupa maagizo unayafuata mpaka ayabadilishe." Alisema hivyo bila utani, Tata, kabisa. "Watu waliponiita Mama Zeddy nilifungua mdomo nikatae. Kisha nikajiuliza, nikikataa wataniuliza basi wewe ni mama nani. Na nimekatazwa kusema. Nikanyamaza. Halafu…" Hapo akaangalia dirisha. "Halafu nikalipenda. Sikudanganyi. Hakuna mtu alikuwa ameniita mama wa mtu tangu uzaliwe. Nikawa naliitikia, na kila nikiitika nasikia kama nimeiba."

Nilikuwa bado nimekasirika, na tayari sikuwa na mahali pa kuweka hiyo hasira.

Akaikunja barua kwenye mikunjo yake, akanirudishia. Akasema ni yangu, nitume kama ninavyotaka, hata neno moja hatanigusia. Kisha akasema kuhusu Kipchirchir. Alisema kweli amekuwa akifikiria kurudi, na sababu moja ni mimi, kwa sababu tangu niingie kwenye hii nyumba nimenuna na yeye alidhani naona aibu na kazi yake. Alidhani namtaka wakili.

"Nikirudi," akasema, "Zeddy atalia wiki moja, kisha auntie mwingine atamzoesha, atanisahau. Wewe hutalia. Wewe umeshazoea."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemsifu mtoto mkubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikasema, "Sijazoea."

Nilisema kwa sauti, Tata. Hata mimi nilishtuka. Nikarudia, "Mum, sijazoea." Na nikaanza kulia, na kulia kunavuta mshono kuliko kucheka, kwa hivyo nikawa nalia huku nimeshika tumbo, na yeye akawa amenishika mimi na tumbo pamoja. Zeddy akaingia na kipande cha sabuni mkononi, akatuangalia, akauliza nani amepigwa sindano. Akaenda zake. Kwa mara ya kwanza, akaenda zake.

Kisha Mama akachukua simu akampigia Kipchirchir, pale pale kitandani kwangu, mimi nikisikia. Alimshukuru sana. Akasema hapana, hatarudi. Nikasikia yule mzee akipumua kwa simu, akamwuliza kama kweli ameacha kiti kile kwa sababu ya basi la watoto.

Mama akasema, "Si basi. Ni mama yangu. Ananihitaji nyumbani."

Unajua ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la Cucu, mama yenu. Kwake mimi ni Mugure, ni mama yake, hata akinigombeza huniita mama. Lakini Kipchirchir atajuaje hayo mambo ya majina yetu? Sauti yake ikabadilika papo hapo. Akasema pole sana, hakujua mama ni mgonjwa, ana umri gani sasa? Mama akanitazama akasema, "Ameanza kuzeeka kwa kweli. Hata kutembea ni kwa shida." Akaambiwa ampe maziwa na asali, na kwamba kanisa lao litamwombea. Mama akaitikia Amina. Alipokata simu tulicheka mpaka nikamwomba aache, nikimwambia nitapasuka, na yeye amejishika ukutani. Kile kicheko, Tata. Nilikuwa ndani yake.

Kwa hivyo yale niliyokuandikia huko juu siyafuti, kwa sababu ni kweli niliyataka na kalamu yangu haina kifutio. Lakini usimpigie kumwambia arudi. Anamaliza kazi saa ambayo nikiwa nyumbani naweza kumwona na jua likiwa bado juu. Presha yake ilipimwa wiki jana ikawa sawa. Na wewe pia, kama utaweza, acha kumkasirikia. Kila Jumapili huweka simu mezani akingoja ilie.

Usidhani pia kwamba nimempenda Zeddy. Hapana. Sasa hivi ninapoandika yuko kwenye mapaja yale, chungwa linamenywa, na ganda bado halijakatika. Chepkemoi atamchukua usiku, na nitahesabu dakika. Wivu bado uko, umekaa tu, haupigi kelele. Mama amesema hilo la jina yeye hataligusa, kwamba anangoja maagizo mapya kutoka kwa mteja. Bado sijayatoa. Mdomo wangu unaujua. Lakini najua ninachotaka kusema.

Jambo moja tu nakuomba badala ya lile. Ukimpigia, ataanza kukueleza habari za Zeddy, Zeddy alisema hivi, Zeddy alifanya vile, hataacha. Mkatize. Mwulize habari zangu kwanza.

Nisalimie Mjomba Micah na umwambie picha ya theluji tuliipata. Msalimie Chelagat mnayekaa naye nyumba moja, yule aliyenitumia soksi za manyoya, zilinisaidia sana hospitalini. Cucu anakusalimu na kusema bado anakuombea kwa jina lako lote, hata lile la kanisani usilolipenda. Mama hajasema nikusalimie, lakini amepita hapa mara mbili akiuliza kama nafasi imebaki chini ya ukurasa.

Mungu akunyooshee mgongo, akulinde na barafu barabarani, na akurudishe kwetu siku moja ukiwa umenenepa.

Mimi mwana wenu nikupendaye, mwenye wivu hata na wazee wa Halifax wanaokuona kila siku,

Abby Mugure.